Je, Wajua? Aristotle Angetetemeka Kianyaga

Mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Kianyaga, chini ya Mlima Kenya. Makanga wanapuliza viganja, mzee mmoja amevaa koti juu ya sweta, na mama wa chai hapumui kwa wingi wa wateja. Ukungu umelala juu ya mashamba. Sasa shika hili: kutoka hapo hadi mstari wa ikweta, ukikata moja kwa moja kama ndege, ni kilomita 55 hivi tu.

Siku hizi nimezama katika habari za jinsi Wazungu walivyotoka kwao kati ya miaka ya 1400 na 1700, wakazunguka dunia, na vitabu vyao vya kale vikaanza kuwaumbua kimoja baada ya kingine. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba ushahidi wa misukosuko hiyo uko hapa hapa petu: katika baridi hii, katika sufuria ya githeri, katika kikombe cha kahawa, na katika ule Mlima Kenya wenyewe. Vuta kiti.

Padri mmoja aliona baridi ikweta, akamcheka Aristotle

Mwaka 1590 padri Mhispania wa shirika la Wajesuiti, José de Acosta, alichapisha kitabu kuhusu maumbile ya Amerika. Humo aliungama jambo la ajabu: alipovuka ikweta akielekea Peru, mwezi Machi, jua likiwa utosini, alisikia baridi hata akatoka nje kuota jua. Akamkumbuka Aristotle, akacheka.

Alikuwa na haki ya kucheka. Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki, alikuwa ameigawa dunia kwa mikanda: pande za mwisho ni baridi kupita kiasi, katikati ni moto kupita kiasi, na binadamu anaweza kuishi kwenye mikanda iliyo baina ya hizo tu. Kwa karibu miaka 2,000 wasomi wengi waliuchukua mgawanyo huo kama neno lililokwisha kusemwa. Mabaharia wa Kireno nao waliogopa hata kuipita Rasi ya Bojador, pwani ya kaskazini-magharibi mwa Afrika, wakisikia kwamba huko mbele bahari inachemka. Mmoja wao, Gil Eanes, aliipita mwaka 1434 na akarudi salama, bila kuungua hata unywele.

Wakati wote huo, babu zetu kwenye miteremko ya Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, walikuwa wakijifunika ngozi usiku ili wapate usingizi. Siri ni kwamba kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana mtu wa Mwea hutembea na shati, akifika Kianyaga hutafuta sweta, na akiendelea kupanda msituni Kamweti hutafuta blanketi, na katika safari hiyo yote hajakuwa mbali na ikweta.

Nyota iliyowapotea mabaharia imejificha nyuma ya Mlima Kenya

Simama Kianyaga usiku usio na mawingu, uelekee mlimani. Umeelekea kaskazini. Nyota ya Kaskazini, ambayo mabaharia wa Ulaya waliitegemea kama kipofu anavyotegemea fimbo, iko upande huo huo, chini kabisa kwenye upeo wa macho, na mlima umeiziba.

Ule urefu wa nyota angani ndio uliokuwa kipimo chao. Ukiwa Lisbon inaning'inia nyuzi 39 hivi juu ya upeo. Ukisafiri kusini inashuka, inashuka, na ukifika ikweta inazama. Meli za Kireno zilipovuka mstari huo katika miaka ya 1470, mabaharia walibaki kama dereva wa matatu aliyezimikiwa na taa katikati ya kona.

Suluhisho lilitoka kwa mwanaastronomia Myahudi, Abraham Zacuto, aliyekuwa ameandika kwa Kiebrania majedwali yanayoonyesha mahali pa jua siku kwa siku. Yalitafsiriwa, yakapigwa chapa Ureno mwaka 1496, na kwa majedwali hayo nahodha aliweza kupima jua la mchana badala ya nyota ya usiku. Mwaka uliofuata nahodha Mreno, Vasco da Gama, aling'oa nanga kwenda India.

Machungwa waliyoyalilia mabaharia Malindi, Ulaya ilichukua karne mbili na nusu kuyafanyia jaribio

Hiki kisa nakipenda kuliko vyote, kwa hiyo nivumilie nikikirefusha.

Da Gama alifika Malindi katikati ya Aprili 1498, siku za Pasaka. Alikuwa ameshatia nanga Mombasa na kuondoka huko kwa uhasama, lakini mfalme wa Malindi alimpokea, akampa rubani mzoefu wa Bahari ya Hindi. Waandishi wa Kireno wanasema alikuwa Mgujarati. Ile hadithi maarufu kwamba alikuwa bingwa wa bahari Ahmad ibn Majid, wasomi wengi wa leo hawaikubali. Waliondoka tarehe 24 Aprili, pepo za kusi zikianza kusukuma, na katika siku 26 tu walikuwa Calicut, India. Na usidhani Wareno ndio waliokuwa na vyombo peke yao. Mwandishi wa shajara ya safari hiyo aliandika kwamba mabaharia aliowakuta pwani ya Afrika Mashariki walikuwa na dira, vipimo vya nyota na ramani za bahari.

Kurudi ndiko kulikowatoa roho. Da Gama hakungoja kaskazi. Aliondoka India mwanzoni mwa Oktoba, upepo ukawa wa shari, mara umekufa, mara umewapinga. Safari ile ya siku 26 iligeuka miezi mitatu kasoro siku tatu. Kiseyeye kikaingia: ufizi ulivimba hadi ukafunika meno, miguu ikavimba, watu wakafa. Walikufa 30, na waliobaki wenye nguvu za kushika kamba walikuwa saba au wanane tu kwa kila meli. Kila mvuvi wa Lamu angewaambia wasubiri upepo.

Walipotia nanga Malindi tarehe 7 Januari 1499, jambo la kwanza wagonjwa walilolililia lilikuwa machungwa. Mfalme aliwapelekea kondoo, na mtu akatumwa nchi kavu kutafuta matunda. Hata hivyo mabaharia walikuwa wamebaki wachache mno kuendesha meli tatu, ikabidi waichome moto moja, São Rafael, kusini mwa Mombasa.

Ajabu iko hapa. Elimu hiyo ya machungwa ilijulikana, ikasahauliwa, ikajulikana tena. Mwaka 1747, miaka 248 baadaye, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili, kila jozi akaipa dawa yake. Jozi iliyopewa machungwa na malimau ndiyo iliyoinuka upesi. Jaribio hilo huhesabiwa miongoni mwa majaribio ya kwanza ya tiba yaliyolinganisha dawa kwa dawa, namna ambayo hospitali za leo hupima dawa mpya. Na jeshi lenyewe lilichelewa hadi mwaka 1795 kuagiza maji ya limau kwa mabaharia wake! Tunda linalouzwa kwa mafungu kando ya barabara ya Kutus lilikuwa na thamani ya jeshi zima.

Githeri ni chakula cha Mexico kilichopata uraia wa Kirinyaga

Mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Mexico miaka 9,000 hivi iliyopita. Maharagwe haya ya kawaida nayo ni ya Amerika. Yaani kabla ya Christopher Columbus kuvuka Atlantiki mwaka 1492, hakukuwa na mtu hata mmoja Afrika nzima aliyewahi kula githeri.

Mukimo ndio unaochekesha zaidi: mahindi ya Amerika, maharagwe ya Amerika, viazi vya milima ya Andes, na majani ya malenge, ambayo asili yake pia ni Amerika. Wareno walileta mahindi pwani katika zama za meli zao. Viazi vilichelewa, vikaja na Wazungu mwishoni mwa miaka ya 1800. Pita soko la Kianyaga na uondoe kila kitu kilichotoka Amerika: mahindi, maharagwe, viazi, viazi vitamu, nyanya, pilipili hoho, parachichi, mapera, mapapai, malenge. Meza nyingi zitabaki wazi. Ndizi na nduma utaziacha, ila hizo nazo asili yake ni Asia. Za Afrika kindakindaki ni wimbi, mtama, mawele na wenzao, zile nafaka za uji wa kina nyanya, na pembeni yake njahi ya mama aliyejifungua.

Mataifa mengi yaliyapa mahindi jina la mahali ambapo hayakutoka

Sisi tuliyaita mahindi, kana kwamba yametoka India, maana vitu vigeni vya baharini vilizoea kutoka upande huo. Waitaliano waliyaita nafaka ya Kituruki. Waturuki nao, usicheke, wanayaita *mısır*, yaani Misri. Kila mmoja alimnyooshea jirani kidole, na Mexico haikutajwa na yeyote kati yao. Columbus mwenyewe alifika Amerika akidhani ni India, kwa hiyo Waswahili walikosea sawasawa na yeye.

Ngome ya Mombasa ni mtu aliyelala

Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, msanifu kutoka Milano. Ukiitazama kutoka juu unaona kichwa, mikono na miguu. Hilo si bahati nasibu. Katika zama za Renesansi, Ulaya ilipokuwa ikifufua elimu ya Wagiriki na Warumi, wasanifu waliamini kwamba vipimo kamili kuliko vyote vimo katika mwili wa binadamu. Kwa hiyo falsafa iliyokuwa ikijadiliwa katika miji ya Italia ilichongwa katika mwamba wa matumbawe kisiwani Mombasa, na imesimama hadi leo. UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Uzuri wa vipimo haukuwaokoa waliomo. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696, na wakaiteka Desemba 1698. Miezi 33! Mtoto aliyezaliwa siku ya kwanza ya mzingiro angekuwa anakimbia na kuuliza maswali siku ulipokwisha.

Umeketi mezani na Mreno bila kujua

Meza ni neno la Kireno. Bendera pia, na leso, kopo, mvinyo, padri, foronya na parafujo. Wareno waliondolewa pwani ya Kenya, lakini mama wa Kianyaga anayefunga leso kiunoni na kupanga vikombe mezani anatamka maneno yao kila siku. Lenye kisa ni gereza: limetokana na *igreja*, neno la Kireno la kanisa. Neno lilitoka kanisani likaishia kwenye pingu. Na Fort Jesus, iliyokuwa na kanisa ndani yake, Waingereza waliigeuza kuwa gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958.

Pera nalo lina mchezo wake. Kwa Kireno *pera* ni tunda jingine kabisa, lile la nchi za baridi. Sisi tukalibandika kwenye hili la kwetu lenye mbegu nyingi, na limekaa.

Twiga wa Malindi alifika China kabla Mzungu hajafika Malindi

Mwaka 1415 mji wa Malindi ulimpelekea mfalme Yongle wa China twiga mzima, akisafiri baharini na shingo yake yote. Wachina walimwona kama mnyama mtakatifu wa hadithi zao. Ilikuwa miaka 83 kabla ya da Gama.

Shujaa wa utenzi mkuu wa Ureno anasimulia historia yake kwa mfalme wa Malindi

*Os Lusíadas* ya Luís de Camões, iliyochapwa mwaka 1572, ndiyo fahari ya fasihi ya Kireno. Sehemu ndefu ya utenzi huo ni da Gama akimweleza mfalme wa Malindi historia ya taifa lake. Kila mtoto wa shule Ureno anayefundishwa kazi hiyo anakutana na mji wetu wa pwani, na mfalme wetu ndiye msikilizaji. Camões mwenyewe aliishi Kisiwa cha Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1560, akiwa fukara.

Mwalimu Mhabeshi ndani ya kasri la Ujerumani

Mwaka 1652 mtawa wa Ethiopia, Abba Gorgoryos, aliishi katika kasri la Gotha, Ujerumani, akimfundisha msomi Hiob Ludolf lugha na historia ya nchi yake. Walikuwa wamefahamiana Roma miaka mitatu awali. Kutokana na masomo hayo Ludolf aliandika kamusi na sarufi, na mwaka 1681 akachapisha historia kubwa ya Ethiopia iliyosomwa Ulaya nzima.

Huwa tunasimuliwa habari za Mzungu aliyekuja Afrika kujifunza kwa kutazama. Hapa ni Mwafrika aliyekwenda Ulaya na kukaa kwenye kiti cha mwalimu, na mwanafunzi wake hakuificha shukrani yake. Gorgoryos alifariki mwaka 1658, meli yake ilipozama akiwa njiani kurudi nyumbani. Jina lake lingestahili kuwa kwenye vitabu vya shule.

Kahawa ya Ethiopia iliizunguka dunia ndipo ikafika Kenya

Buni aina ya Arabika, ile inayopelekwa faktori kwa magunia hapa Gichugu, asili yake ni Ethiopia, jirani yetu wa kaskazini. Lakini haikushuka moja kwa moja. Ilivuka kwenda Yemen, ikachukuliwa na Wafaransa hadi kisiwa cha Bourbon, kinachoitwa leo Réunion, na mapadri wakaileta Bura, Taita, mwaka 1893. Ni kama mtu wa Kianyaga anayekwenda Kutus akipitia Mombasa.

Njiani ilibadilisha Ulaya. Oxford ilipata mkahawa wake wa kwanza mwaka 1650, London mwaka 1652. Kwa senti moja ya Kiingereza ulipata kikombe, magazeti na mabishano ya wasomi, ndiyo maana watu waliiita mikahawa hiyo vyuo vikuu vya senti moja. Hapo awali wengi walianza siku kwa pombe. Sasa walianza wakiwa macho makavu. Wanasayansi wa Royal Society, chama chao cha London, walizoea kukutana humo kujadili nyota, hewa na damu. Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza aliogopa maneno yanayozungumzwa humo, akaipiga marufuku mikahawa yote mwishoni mwa Desemba 1675. Watu walipiga kelele, na kabla ya Januari kwisha amri ilikuwa imeondolewa. Mkulima wa Kianyaga anayechuma buni mvua ikinyesha ashike hilo: tunda lake lilimshinda mfalme kwa siku chache tu.

Taifa lenye jina la mbuni

Wazee wa Kirinyaga hueleza kwamba mlima ulipata jina kutokana na *nyaga*, yaani mbuni, yule ndege mkubwa: mawe meusi na theluji nyeupe, kama manyoya ya mbuni dume. Wakamba, kwa matamshi yao, waliuita Kĩĩnyaa. Mgeni aliyesikia jina hilo Ukambani aliliandika Kenia, na mwaka 1920 koloni zima likapewa jina la mlima. Nchi ya watu zaidi ya milioni 50 imeitwa kwa sikio la mtu mmoja. Ukitamka Kianyaga polepole utaisikia *nyaga* hiyo hiyo.

Ulaya iliamini theluji ya Afrika ilipokuwa kitabuni, ikaikataa ilipoonekana

Sikio hilo lilikuwa la Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani.

Habari za theluji hiyo zilianza zamani. Karibu mwaka 150 BK, Ptolemy wa Aleksandria aliandika juu ya Milima ya Mwezi iliyo ndani ya Afrika, ambayo theluji yake huyalisha maziwa ya Nile. Kitabu chake kilipotafsiriwa kwa Kilatini mwanzoni mwa miaka ya 1400, kiliwasha moto wa uchoraji ramani Ulaya nzima, na milima hiyo ikachorwa upya kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1519 baharia Mhispania, Martín Fernández de Enciso, aliandika kwamba magharibi mwa Mombasa kuna mlima mrefu mno, na mbele yake kuna Milima ya Mwezi. Huenda habari hiyo ilitoka kwa watu wa misafara, waliokuwa wakiupita mlima huo na pembe za ndovu mabegani.

Basi tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara ya Wakamba, Krapf aliuona mlima wetu. Kivoi alikuwa amemweleza habari zake mapema. Mawingu yalifunguka, akaona kitu kama ukuta mkubwa wenye minara miwili juu, kama pembe, nyeupe. Mwenzake Johannes Rebmann alikuwa ameiona Kilimanjaro mwaka mmoja na nusu kabla.

London ilikataa. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa kiti na meza ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alichapisha kitabu mwaka 1852 akiwapinga wamisionari hao: theluji ikweta, kwake, ilikuwa ndoto za macho. Miaka 262 baada ya Acosta kumcheka Aristotle, Aristotle alikuwa bado anafundisha London. Kinachoniuma ni kwamba kulikuwa na maelfu ya mashahidi. Kila mkulima wa Gichugu, Ndia, Mathira na Embu angeapa, na maji ya Thiba na Nyamindi, baridi kama chuma, yalikuwa yakishuka kila siku kuelekea Tana na Bahari ya Hindi. Hakuna aliyewauliza.

Joseph Thomson, Mskoti, aliuona mlima kutoka Laikipia mwaka 1883 na kuthibitisha. Mwaka 1893 John Walter Gregory alipanda hadi kwenye barafu yenyewe. Krapf hakuyasikia hayo. Alikuwa amefariki kwao Ujerumani mwezi Novemba 1881, miaka 32 tangu siku ile ya Kitui.

Mlima huvaa mawingu mapema. Saa tatu ikifika, mara nyingi umeshafunikwa. Lakini anga ikiwa safi, mtoto wa Kianyaga anayekwenda shule na mkoba mgongoni huiona Batian, kilele cha juu kabisa, mita 5,199, kabla ya kengele ya kwanza kulia.